Kumfunza Mfanyakazi Kuamua: Mafunzo Kutoka Wodini, Angani na Dirishani

(Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya maofisa utumishi, wakufunzi na wakuu wa idara za huduma. Maneno ya pembeni aliyoyasema mhadhiri yameachwa kama yalivyo.)

   

 Nawashukuru ninyi mliokuja kusikiliza mhadhara bila fomu ya posho kuzungushwa. (Vicheko.) Mnacheka, lakini tutafika huko.

Nimekuja kutetea jambo moja. Fedha nyingi tunazotumia kuwafunza watumishi zinaishia kwenye kuwaambia watu mambo, ilhali kinachoharibika kazini mara nyingi ni uamuzi: nani afanye nini, sasa hivi, naye hana taarifa zote na mtu amesimama mbele yake anamsubiri. Kuamua hakufundishwi kwa kuelezwa. Mtu huamua, akakosea mahali ambapo kosa halimuumizi yeyote, akajadiliana na wenzake, akaamua tena. Nina hoja tano. Hazilingani urefu, na msishangae nikikawia kwenye ya pili na ya tatu, kwa sababu hizo ndizo zilizonileta hapa.

Hoja ya kwanza: anayejua jibu anaweza kushindwa kulitumia

Naanzia mbali kidogo, Marekani. Kijana mmoja, Edwin Link, alikulia kwenye kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda huko Binghamton, New York. Alitamani sana urubani, lakini masomo ya kuruka yalikuwa ghali. Akachukua mivukuto na pampu za vinanda, akazifunga chini ya kijichumba cha ndege, na kufikia 1929 alikuwa na mashine inayolala upande, kuinua pua na kugeuka bila kuondoka sakafuni. Jeshi halikuitilia maanani. Walioichangamkia mwanzoni ni wenye viwanja vya burudani, watu wakalipa kuipanda kama wanavyopanda bembea.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua za posta kwa ndege, katikati ya majira ya baridi. Marubani wake walikuwa wamezoea kuruka huku wakiiona ardhi. Sasa wakajikuta usiku, ndani ya mawingu na theluji. Katika wiki chache wakafa kadhaa. Mwaka huohuo jeshi likanunua mashine sita za Link, kila moja kwa dola 3,500.

Marubani wale walijua vipimo vilivyo mbele yao. Ungewapa karatasi ya mtihani wangekuandikia kila kipimo kinaonyesha nini. Walichokosa ni kule kuwahi kukaa kwenye hali ambayo mwili unasema “tuko sawa” na kipimo kinasema “tunaanguka”, kisha mtu akalazimika kuamua amwamini nani. Mwili hudanganya kwa sauti kubwa. Kumzoea mwongo huyo kunataka mazoezi, na mazoezi hayo huwezi kuyafanyia ndani ya wingu.

Ndivyo ilivyo kwa karani wa mapokezi anayejua kwa moyo utaratibu wa kupokea malalamiko, kisha siku anapokuja mzee anayefoka, utaratibu wote ukamtoka kichwani.

Hoja ya pili: mahali pa mazoezi ni kazini, na muda wake ni mfupi

Hapa narudi nyumbani. Ushahidi ulio bora kuliko mwingi ninaoujua kuhusu jambo hili haukutoka Harvard wala Geneva. Ulitoka Haydom, Mkoa wa Manyara, katika Hospitali ya Kilutheri iliyo kule juu Mbulu.

Mwaka 2010 wakunga na wauguzi wa Haydom walipata mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Mtaala huo uliandaliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani na washirika wake, kwa ajili ya hospitali zenye vifaa vichache. Kiini chake ni kile wanachokiita Dakika ya Dhahabu: mtoto ambaye amekaushwa, amesuguliwa mgongo na bado hapumui, aanze kupuliziwa hewa kabla dakika moja haijakwisha.

Wauguzi waliomo humu wanamfahamu mwanasesere ninayetaka kumweleza; wengine mnivumilie. Anatengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norwei. Ni wa plastiki. Unamjaza maji ya uvuguvugu mpaka anakuwa mzito na mlegevu mikononi, shingo inaangukia nyuma kama ya mtoto hasa. Kuna vipira vya kubonyeza vilivyounganishwa naye kwa mirija. Mkufunzi akibonyeza kimoja, kitovu kinadunda. Akibonyeza kingine, kifua kinapanda na kushuka. Kipo na cha kulia. Mkufunzi asipobonyeza chochote, mtoto yuko kimya.

Zoezi limo ndani ya ukimya huo. Mkunga amekausha, amesugua, anatazama kifua. Kimya. Karibu yake kuna kipira cha kunyonya ute na kuna ambu ya kumpulizia mtoto hewa. Mkono uende wapi? Wa wengi huenda kwenye kunyonya, ukarudi kwenye kusugua, ukaenda tena kwenye kunyonya. Mtu anajiona anafanya kazi. Kushika ambu ni jambo jingine: ni kukiri kwamba mtoto huyu hataanza mwenyewe. Na saa inakwenda. Utafiti wa hapohapo Haydom ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia mtoto hewa ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16.

Sasa sikilizeni matokeo ya siku ile moja ya mafunzo. Kabla ya mafunzo, waliofaulu zoezi la mtoto asiyepumua walikuwa asilimia 18. Miezi saba baadaye, asilimia 74. Ndugu zangu, sisi hapo tungeshaandika ripoti. Tungepiga picha ya pamoja na mgeni rasmi, tungegawa vyeti, tungeandika “lengo limefikiwa kwa kiwango kikubwa”, na tungeomba fedha za awamu ya pili.

Haydom walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna. Ndani ya chumba cha kuzalishia waliketi watu wenye saa za kuhesabia sekunde, wakiandika kilichofanywa kwa kila mtoto aliyezaliwa. Walipolinganisha kumbukumbu za kabla na za baada ya mafunzo, wakaona watoto walionyonywa ute au kupuliziwa hewa hawakuongezeka. Kusugua ndiko hata kulipungua. Daktari Hege Ersdal na wenzake walilichapisha hilo mwaka 2013 bila kulipaka sukari: mafunzo ya siku moja yaliboresha utendaji kwenye mwanasesere, hayakubadilisha utendaji wodini.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana kuna maofisa mafunzo humu ambao wameanza kunitazama vibaya. Sisemi kwamba wakunga wale hawakujifunza. Walijifunza, ile asilimia 74 si ya uongo. Lakini walijifunzia mahali pamoja na wakatakiwa kuamulia mahali pengine, saa nane usiku, mama mwingine akilia kitanda cha pili, na mwenzao kaenda maabara. Kwenye semina hakukuwa na kitanda cha pili.

Walichofanya baadaye Haydom kinastahili kubandikwa ukutani kwenye ofisi zetu. Hawakuita semina nyingine ya siku tatu mjini Arusha. Mwanasesere alihamishiwa kazini. Watumishi wakafanya mazoezi wawili wawili, dakika tatu kwa wiki, wakiongozwa na wenzao wa hapohapo. Na mara moja kwa mwezi zoezi la dakika 40. Matokeo yake yalichapishwa na Estomih Mduma na wenzake mwaka 2015. Safari hii wodini kulibadilika. Watoto waliosuguliwa na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka, waliohitaji kupuliziwa hewa wakapungua, na vifo ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Dakika tatu. Kuna vikao vyetu ambavyo dakika tatu hazitoshi hata kuitambulisha meza kuu.

Kazi hiyo haikuishia Haydom. Mradi wa Safer Births ulipeleka mazoezi ya namna hii, pamoja na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo na takwimu za kila hospitali kurudishwa kwa wahudumu wake, katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalitoka mapema 2025. Vifo vya watoto, wa tumboni na wale wa siku za mwanzo, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Si mazoezi peke yake yaliyofanya hivyo, vifaa navyo vilikuwemo. Ila kifaa bila mkono uliozoea hukaa kabatini, na wenzangu wa ugavi mnazijua kabati hizo.

Sasa mtaona kwa nini niligusia posho. Mfumo wetu unalipa mtu kuondoka kazini kwenda kujifunza. Mazoezi ya dakika tatu hayana nauli wala malazi, kwa hiyo hayana mtetezi. Mtu wa kuyatetea atoke kwenye ukumbi huu.

Hoja ya tatu: zoezi hufa au huishi kwenye machaguo yake

Hii ndiyo hoja ya kiufundi, na kwa wakufunzi ndiyo yenye mkate. Nitatumia mfano wa kazi ambayo kila mmoja wetu ameisimamia upande wa mteja: wakala wa fedha kwa simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuvuka kwetu mwaka uliofuata, kibanda cha wakala kimekuwa dirisha la benki la Mtanzania wa kawaida. Anayekaa humo mara nyingi ni binti aliyemaliza kidato cha nne, ameachiwa floti, yaani salio la kwenye simu, na fedha taslimu za mtu mwingine. Kwa siku moja huamua mambo mengi ya fedha kuliko baadhi yetu kwa mwezi.

Tazameni kwanza zoezi baya. Nimeona mengi ya aina hii, yamechapwa vizuri na nembo ya rangi: “Mteja ana haraka na anataka kutoa fedha. Utafanya nini? (a) Nitampa bila kuangalia. (b) Nitamtukana. (c) Nitafuata utaratibu kwa upole.” Mtoto wa darasa la tatu atapata asilimia mia. Zoezi hilo linapima kama mtu anajua mkufunzi anataka kusikia nini. Wafanyakazi wetu wamefuzu zamani kwenye somo hilo.

Sasa tulijenge upya. Ni saa kumi na moja jioni. Foleni ni watu watano. Kaka mmoja anataka kutoa laki tatu, bodaboda inamsubiri injini ikiunguruma, anasema mgonjwa wake kalazwa na dawa zinanunuliwa nje. Anabonyeza simu yake. Kwenye simu ya wakala unaingia ujumbe: muamala umethibitishwa, laki tatu, jina la kaka lipo, namba ya kumbukumbu ipo. Unafanana na mwingine wowote. Wewe ndiye wakala.

Chaguo la kwanza: mhesabie fedha, ujumbe umefika. La pili: mwambie asubiri, uangalie salio la floti. La tatu: mpigie tajiri wako. La nne: mwambie mtandao unasumbua, aende kwa wakala mwingine.

Hakuna chaguo la kijinga hapo. Kila moja lina mtu mwenye akili timamu ambaye amewahi kulifanya. Na kila moja lina lake la kufuata. Ukimhesabia, zoezi halikuambii “umekosea”. Linakupeleka saa mbili usiku, unafunga hesabu, laki tatu hazionekani kwenye floti, na tajiri yuko njiani. Ukimfukuza, kesho yake dada yake anakuja kukuuliza mbele za watu kwa nini ulimnyima mgonjwa dawa, kwa sababu safari hii ujumbe ulikuwa halali. Ukimpigia tajiri, simu haipatikani, na foleni imekuwa ya watu tisa. Ukiangalia salio, halijapanda. Lakini wewe na mimi tunajua kuna siku mtandao huchelewa na salio hupanda baada ya dakika kadhaa. Kwa hiyo hujamaliza, umepewa uamuzi wa pili: kaka ameanza kupaza sauti, na mama wa nyuma anasema, “Mpe mwenzio pesa yake, unamchelewesha na mgonjwa!”

Hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Utapeli huu hauvunji ukuta wa kompyuta. Hutumia huruma, haraka na foleni. (Nadhani hakuna hapa ambaye hajawahi kupokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”.) Kumwambia wakala “kuwa makini” ni kupoteza wino. Anachohitaji ni kuwa ameshawahi kusikia kelele za yule mama wa foleni mara kadhaa kabla hajazisikia kweli, na kuwa na sentensi tayari mdomoni. Kikundi kimoja nilichokiongoza kilijitungia yake: “Kaka, fedha yako iko hapa, naiweka mezani, ikisoma tu naisukuma kwako.” Mteja wa kweli hutulia. Tapeli hukumbuka kwamba ana jambo jingine. Mimi mwenyewe nisingeitunga sentensi hiyo, na haipo kwenye mwongozo wowote ninaoujua.

Jambo la mwisho kwenye hoja hii, na linawagusa watu wa bajeti. Uhalisia hauko kwenye mapambo. Watu hudhani zoezi halisi ni lile lenye miwani ya kompyuta na video. Zoezi la wakala nimelifanya kwa kadi za manila, kalamu ya wino na mama mmoja mwenye sauti nzuri ya kulalamika. Kinachotakiwa kufanana na kazi ni shinikizo: taarifa ije ileile ijayo kazini, kwa kiasi kilekile, na ikose kilekile inachokosa siku zote. Mkipamba chumba halafu mkampa mtu taarifa zote na muda wote, mmetengeneza mchezo wa kuigiza.

Nina kisa kimoja cha kinyume chake. Taasisi moja, sitaitaja, ilifanya zoezi la moto. Tangazo lilibandikwa siku mbili kabla, saa nne kamili asubuhi. Saa nne kasoro tano watu walikuwa wameshika mikoba, wengine na chupa zao za chai. King’ora kikalia, wakatoka kwa utulivu wa kupigiwa mfano, wakapigwa picha. Hakuna aliyeamua lolote asubuhi ile, hata kama aache au abebe chupa ya chai.

Hoja ya nne: zoezi hufundisha na yale ambayo hukuyakusudia, hasa kuhusu cheo

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kiwanja cha ndege cha Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia. Ukungu ulikuwa mzito. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege kugongana iliyoua wengi kuliko hiyo. Ndege ya KLM ilianza kukimbia kabla haijaruhusiwa kuruka. Mhandisi wa ndege aliuliza kama wale wa Pan Am wameshaondoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba wameondoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Rubani yule alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake. Miaka mingi alikuwa mwalimu kwenye mashine za kuigia. Baadhi ya waliochambua ajali walidokeza jambo linalonikosesha usingizi kama mkufunzi: kwenye mashine ile mwalimu mwenyewe ndiye hutoa ruhusa ya kuruka. Hasubiri mnara. Sina uwezo wa kusema hilo lilichangia kiasi gani siku ile. Lakini nikitunga zoezi siku hizi, najiuliza kwanza nimeacha nini nje, maana nilichokiacha nacho kinafundisha.

Mwaka uliofuata, Desemba 1978, ndege ya United iliishiwa mafuta karibu na Portland, Oregon, rubani wake mkuu akiwa anashughulikia tatizo la magurudumu. Walikufa 10. Wasaidizi wa rubani walikuwa wanajua mafuta yanakwisha. Walilisema, lakini kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mkubwa wake kwa adabu. Kuanzia 1981 United ikaanza mafunzo ambayo ndani yake mdogo hujizoeza kumkatiza mkubwa, na mkubwa hujizoeza kukatizwa. Julai 1989 ndege yake nyingine ilipoteza mifumo yote ya kuiongoza ikiwa angani. Mwalimu wa marubani aliyekuwa abiria siku hiyo alikuwa amewahi kujaribu kwenye mashine ya kuigia namna ya kuongoza ndege kwa nguvu ya injini tu. Akaingia chumba cha marubani, wakafanya kazi wanne. Iliangukia Sioux City. Kati ya watu 296, walinusurika 184, na rubani mkuu Al Haynes hakuchoka kusema kwamba mafunzo yale ya kusikilizana ndiyo yaliyowafikisha chini.

Sasa tujitazame. Sisi ni watu wa shikamoo, nami siitaki iondoke. Lakini muuguzi wa miaka miwili kazini anapoona daktari bingwa anaandika dozi isiyo sawa, atasemaje? Mwache alizoee zoezini, kwa Kiswahili chake na heshima yake: “Daktari, samahani, naomba turudie hiyo dozi pamoja, mimi nimeiona nyingine.” Na daktari azoee kujibu “ahsante, tusome”. Hayo hayaji yenyewe kwa sababu kuna bango la maadili ukumbini.

Hapa pia ndipo penye kazi ya mjadala baada ya zoezi, na naomba msiukate hata muda ukiwabana. Bora mlikate zoezi lenyewe. Muulizeni aliyefanya: uliona nini, ulidhani nini kinatokea, ulifikiria njia gani nyingine. Mkufunzi aongee mwisho. Mkuu wa idara aongee mwisho zaidi, au akanywe chai. Na alama za zoezi zisikanyage PEPMIS, mfumo wetu wa tathmini ya watumishi. (Makofi.) Siku mtumishi akijua kwamba kosa la zoezini litamfuata kwenye tathmini ya mwaka, ataacha kuamua, atarudi kulenga jibu la mkufunzi.

Hoja ya tano: gharama

Hii ni fupi. Mwanasesere hununuliwa mara moja. Kadi za manila mnazijua bei. Kilicho ghali ni muda wa mtu mmoja mwenye uzoefu kukaa na kuandika visa vya kweli, na ujasiri wa mkuu kuachia dakika chache za zamu. Yote mawili mnayo, hayahitaji kibali cha Hazina.

Tunakokwenda

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niseme ninayotamani kuyaona katika mwaka ujao wa fedha.

Kila idara ya huduma ifungue daftari lake la malalamiko, lile ambalo watu huandika kwa hasira, na ichague visa kumi. Si vile vilivyoishia mahakamani, bali vile vidogo vinavyojirudia: mstaafu ambaye jina la hati halifanani na la kitambulisho, mzazi anayetaka kumhamisha mtoto muhula ukiwa katikati, mfanyabiashara anayeomba risiti ya jana. Wanaoviandika wawe makarani na wahudumu wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua maneno aliyoyasema mteja. Viandikwe kwa Kiswahili. Nimeona mazoezi ya huduma kwa wateja yaliyotungwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watu ambao hawatahudumia kwa Kiingereza hata siku moja. Ile sentensi ya kumtuliza mama wa foleni haiwezi kuzaliwa humo.

Vyuo vyetu, kuanzia Chuo cha Utumishi wa Umma hadi vyuo vya VETA, viangalie upya mitihani. VETA wameshazoea kupima kwa vitendo: fundi huunganisha bomba, hatungi insha juu ya bomba. Ofisa nyaraka naye apewe rundo la mafaili, simu inayolia na dakika ishirini, tuone.

Na wale wenye mamlaka ya kupima matokeo, fanyeni kama Haydom: mtu mmoja akae dirishani na saa, kabla na baada. Inawezekana mtagundua kwamba semina yenu nzuri haikubadilisha kitu. Hiyo ni habari njema, ina maana kuna mahali pa kuanzia, na mnajua tayari Haydom walianzia wapi.

Nimeleta nakala za zoezi la wakala, lile lenye foleni, ziko kwa kijana aliye karibu na mlango. Machaguo ya mwisho nimeyaacha wazi makusudi ili kila ofisi ijaze ya kwake. Niko tayari kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa watu wa mapokezi walioketi nyuma kule kabla halijatoka kwa wakurugenzi.